Sahani ya Ruta

Umutoni alipomaliza kumkata mzee kucha za mkono wa kushoto, bahari iliingia. Iliingia saa tisa kamili, kama kila siku, kutoka chini ya kitanda, ikafika kwenye vifundo vya miguu, ikatulia. Alimvua mzee soksi, akaziweka juu ya redio, akashika mkono wa kulia. Wakubwa wa nyumba ya wazee alikofanya kazi, hapo Louisville, walikwisha kuleta feni na kibao cha njano cha kuwaonya watu wasiteleze.

Mzee aliitwa Brandolesi. Kwao Italia alikuwa admirali, meli kumi na mbili zikimtii. Kisha akavua sare akagombea, akawa mbunge, akawa waziri. Watu walimchagua kwa sababu aliwaambia kwamba katika siku zake hakuna mtumbwi wa wahamiaji uliovuka. Binti yake aliolewa Kentucky, akamleta azeekee huku, na humtembelea Krismasi.

Pamoja na maji walikuja watu. Walisimama kando ya ukuta wamelowa, wanaume kwa wanawake, watoto migongoni, wakimtazama mzee. Wa tatu kutoka dirishani alikuwa Ruta, kaka yake Umutoni, aliyeondoka kwenye kambi ya wakimbizi miaka tisa iliyopita akisema anapitia Libya avuke bahari. Koti lake la kahawia lilikuwa na kifungo kimoja cheupe ambacho Umutoni mwenyewe alikishona. Siku ya kwanza alimpa taulo, haikufaa kitu. Siku hizi anamsalimu tu.

"Kaka, umeshinda?"

Ruta huitikia kwa kichwa. Wale hawasemi.

Shida ilikuwa mama yao, Nyirabeza. Aliishi Columbus, mtaa wa Linden, na kila jioni alipakua chakula cha Ruta akakifunika. Kwao mlimani kifo hupelekwa kwa mdomo. Anakuja mtu aliyekuwepo, anaketi, anasema fulani hayupo tena, ndipo watu wanaanza kulia. Ndugu wa tumbo moja hapeleki neno hilo, na marehemu hajipeleki. Miaka tisa hapakuja mtu, kwa hiyo mama hakuwa amelia. Na kati ya waliokuwepo baharini, Umutoni alimjua mmoja tu, huyu wa kukatwa kucha.

Mwezi wa tano, chama kimoja cha Waitaliano wa Buffalo kiliandika kwamba kinataka kumvisha mzee nishani. Binti yake hakuwa na nafasi, Umutoni akapewa gari ampeleke. Barabara ya Buffalo inapita Columbus. Alimfunga mzee mkanda. Kiti cha nyuma Ruta, ambaye siku hiyo aliwahi, alijifunga wake.

"Mzee, tutapita kwa mama yangu. Umwambie neno moja tu, kwamba uliwaona hawa watu baharini."

"Nimehutubia bunge, binti," mzee alisema. "Mama yako hanishindi."

Huko Linden mama alikuwa amechemsha chai ya maziwa. Majirani wawili, Gakunzi na Rakeli, walikuja kusikia. Rakeli alileta kitenge cha kujifunga wakati wa kulia. Saa tisa bahari ikaingia, mama akakunja zulia. Ruta alisimama karibu na friji. Mama alimtazama sana, akamvutia kiti.

"Bon, huyu ninamuona," alisema. "Lakini kumuona si kuambiwa. Donc, mzee aseme."

Mzee alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema dakika arobaini. Alisema juu ya mipaka, juu ya sheria, juu ya kura alizopata. Alipomaliza akaomba sukari.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Umutoni alimsogezea mzee sukari. "Anasema daftari ya meli imeandika bahari ilikuwa tupu."

"Bon. Donc bado."

Mama akainuka, akapakua wali na maharage, akafunika. Rakeli akakunja kitenge chake.

"Anasema kama chefu wetu wa zamani, ule mukubwa wa kijiji," Gakunzi alisema. "Hata yeye alisema hakuna ng'ombe yenye iliibiwa, na mkia ilikuwa inatoka mu mlango yake."

Kesho yake, Buffalo, maji yalifika magotini. Wanawake walishika pindo za magauni yao, wahudumu wakapitisha trei katikati ya wale waliosimama ukutani. Kwenye nishani palichorwa bahari tulivu. Watu walipiga makofi mpaka mzee akalengwa na machozi.

Jumatatu, saa tisa, Umutoni alikuwa amepiga magoti akimkata mzee kucha za miguu. Simu ililia.

"Kuna mtu alikuja na habari?"

"Hapana, mama."

"Bon. Chakula yake nimefunika." Mama akaongeza. "Ule kijana, umuambie asisimame mu maji na viatu. Atashikwa na baridi."

Umutoni alimwambia. Ruta alitazama viatu vyake. Kisha Umutoni akaomba mguu wa pili, na mzee akautoa.