Zulia Lililoota Mpunga

Jumatatu baada ya adhuhuri Mastura aliteremka ngazi za ukumbi wa jamii wa Shika Adabu, tochi mkononi, na nyuma yake fundi Jacktone akiwa amekumbatia sampuli za sakafu: kipande cha zulia, ubao uliopigwa vanishi, kapeti ya plastiki, na taili mbili, moja ya kung'aa na nyingine ya udongo mtupu uliochomwa. Kazi ya kuchagua sakafu, kamati ya ukumbi ilikuwa imemwachia Mastura.

Chumba cha chini kilikuwa na unyevu tangu jengo lisimame. Kuta zilitoka jasho hata kiangazi kikuu, na simiti ya chini ilikuwa nyeusi, baridi, yenye kushika nyayo. Kilitakiwa kiwe mahali pa kulelea watoto wa akina mama wanaovuka feri alfajiri kwenda viwandani na bandarini. Kwa wakati huo watoto hao walilala juu, chini ya mabati, na kufika saa sita walikuwa wamelowa jasho kama waliotoka kuogeshwa.

"Tuviache hapa wiki moja, mama," Jacktone akasema. "Kitakachooza tutakijua."

Wakavilaza kwa mstari, wakafunga mlango.

Waliporudi, zulia lilikuwa limeota mpunga. Jacktone alikuwa ametarajia kuvu, lakini ulikuwa mpunga, miche ya kijani ya urefu wa shubiri, imesimama kwa mistari kama iliyopandikizwa na mtu mwenye subira. Ubao ulikuwa umevimba na kutoa majani. Kapeti ya plastiki ilikuwa imeinuka katikati, na ilipofunuliwa, chini yake palikuwa na alama za nyayo za mtu mzima, kidole gumba kimedidimia sana. Taili ya kung'aa ilikuwa imepasuka. Ya udongo ilikuwa imelowa tu, wala haikuwa na neno.

Jacktone akachuchumaa, akaigusa miche kwa ncha ya kidole.

"Zulia basi halitafaa," akasema.

Mastura aling'oa mche mmoja, akaufunga katika ncha ya leso, akampelekea mama yake. Bi Samiha alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Mastura akafungua leso. Bi Samiha aliunusa mzizi, akaukalisha kwenye kiganja, akakaa nao mpaka mchicha ukaanza kunyauka katika ungo.

"Huu ni mpunga wa mama," akasema.

Ndipo alipomweleza Mastura jambo ambalo hakupata kumsimulia kwa kirefu. Pale penye ukumbi, na penye yadi ya makontena nyuma yake, palikuwa bonde la wanawake wa ukoo wao. Mvua ikinyesha maji yalituama, nao walishuka kupanda. Bi Samiha alipokuwa msichana mdogo, alikuja mtu na hati. Hati ilisema bonde ni lake. Wanawake waliambiwa watoke, ukuta ukajengwa, bonde likamwagiwa kifusi. Mpunga ulikuwa unakaribia kuchanua. Miaka ikapita, naye mwenye hati akatoa pembe moja ya ardhi ile ijengwe ukumbi, na watu wakamwita mfadhili. Mafundi wakakuta pembe yenyewe ina shimo, wakalifanya chumba.

"Nipeleke," Bi Samiha akasema.

Wakashuka siku ya pili, baada ya alasiri. Mercyline, mlezi wa watoto, mwanamke kutoka Busia, alikuwa ametangulia, amesimama kwenye ngazi na futi ya kupimia vitanda. Chini ya ngazi maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, safi, na wanawake walikuwa wameinama ndani yake, leso zimekazwa viunoni, wakipandikiza.

"Wako hapa tangu asubuhi," Mercyline akasema kwa sauti ya chini. "Hawasumbui. Shida yangu ni huu unyevu tu. Watoto watashikwa na vifua."

Mastura alivua ndara zake bila kuambiwa, kama avuavyo mlangoni mwa msikiti. Moyo wake haukwenda mbio. Ulitulia, ukawa mpana, hata akahisi kifua hakiutoshi. Pale mbele, wa pili kutoka ukutani, alikuwa Bi Mejuma, nyanya yake, aliyezikwa kabla Mastura hajaolewa. Alikuwa na sura ya ujana.

Bi Samiha alitia mguu majini, bakora ikimtangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu Bi Mejuma. Akamtazama. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

Bi Mejuma akampangusa bintiye shavu kwa mgongo wa mkono, maana viganja vilikuwa na tope. Maji yalisikika yakipita baina ya miche.

"Bibi," Mastura akauliza, "mumerudi?"

"Turudi kutoka wapi? Sisi hatukuondoka. Mlioondolewa ni nyinyi."

Mastura akamweleza alichotumwa kufanya, kwamba anatafuta sakafu. Bi Mejuma aliona ni jambo la maana. Akatoka majini, akazikanyaga moja moja, kwa mguu mtupu, sampuli zilizokuwa zimehamishiwa kwenye ngazi. Kapeti ya plastiki ilimwasha nyayo. Vipande vya taili ya kung'aa alivisogeza kando, vitakata watoto. Juu ya taili ya udongo alisimama, akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu.

"Hii naijua," akasema. "Na hao watoto mtawalaza wapi?"

Mercyline akaonyesha penye mlango. Bi Mejuma akatikisa kichwa, akamshika mkono, akampeleka pembe ya upande wa kibla.

"Hapa ni tutani. Maji hayapandi hapa. Tukipanda, watoto twawalaza hapa. Huyu naye alilala hapa." Akamwonyesha Bi Samiha kwa kidole chenye tope.

Mercyline akapiga magoti, akaweka kiganja chini. Palikuwa pakavu, pana vuguvugu, kama godoro ambalo mtu ameondoka sasa hivi. Akabaki vile vile, kichwa chini, futi ya kupimia imemwanguka.

"Mama," akamwambia Mastura, "hapa watalala."

Mastura akachagua taili za udongo, zilazwe juu ya mchanga, na mianya baina yake, bila simiti wala nailoni ya kuzuia maji.

"Maji yatapanda," Jacktone akamwonya.

"Yapande."

Jacktone akazilaza vizuri. Mpunga ukapita kwenye mianya, na watoto, waliokuwa wakijifunza kutembea, wakajifunza kuikiuka miche. Mchana walilala tutani, na kikohozi hakikuwashika.

Siku ya ufunguzi alikuja Jafar, wakili wa mwenye hati. Alishuka chini kukagua, akavua viatu, akawaamkia wanawake kwa adabu, wakamwitikia. Akatazama masuke yaliyoanza kuinama, akamwambia Mastura kwamba kwa mujibu wa hati, kinachoota ardhini ni cha mwenye ardhi, na kwamba siku ya mavuno ataleta magunia. Alisema kwa upole. Kisha akapanda juu kutoa hotuba.

Mastura hakupanda. Alikaa na watoto, mmoja mapajani, akiwatazama wanawake wakipalilia. Juu kukatangazwa jina, makofi yakapigwa kwa muda mrefu, vumbi likadondoka darini. Bi Mejuma akaunyoosha mgongo.

"Wana nini hao?"

"Wamshukuru mtu, bibi. Aliyetupa ardhi hii."

"Nani?"

Mastura akamtajia jina. Bi Mejuma alilifikiria kwa makini. Akageuka akawauliza wenzake, nao wakaulizana mmoja mmoja mpaka wa mwisho ukutani, wakatikisa vichwa.

"Hatumjui," akasema, akainama tena.