Saini ya Fabiano

Mimi na Fabiano Ojok tulisoma chuo cha maabara kwa mkopo, yeye akinitangulia mwaka mmoja. Serikali ilikata nusu ya mshahara kwa miaka mitatu. Ukiacha kazi kabla, mdhamini wako analipa deni lote kwa mkupuo. Mdhamini wangu alikuwa dada yangu Nabalayo, muuza samaki wa Nakivubo. Wa Fabiano alikuwa mama yake, Acan, aliyeweka rehani chumba chake cha Katwe.

Mwaka 1974 wanaume wa usalama wenye miwani nyeusi walimtoa Fabiano maabara mchana kweupe, damu ya mgonjwa ikiwa bado chini ya hadubini yake. Hatukuuliza kitu, waoga sisi.

Siku ya mshahara karani Maimunah aliita jina la Fabiano; asiyeitika huandikwa ametoroka. Nikamfikiria Acan na chumba chake, nikaropoka, "Nipo!" Maimunah hakuinua macho. Nikatia saini ya Fabiano.

Nilifanya hivyo miezi kumi na saba. Pesa iliyobaki nilimpelekea Acan, naye kila mara aliniuliza, "Yeye nakuja lini?" Nilichukia swali hilo, kisha nikajichukia mwenyewe. Asubuhi nilifuta vumbi kwenye hadubini, lakini kile kioo chenye damu sikukigusa. Jina lake likitajwa barabarani, niligeuka kana kwamba naitwa mimi.

Mwezi wa mwisho wa deni lake tulimkuta askari kwenye meza ya mishahara.

"Kila mutu nakuja hapa mara moja tu," alisema. "Mimi nashika sura."

"Fabiano Ojok!" Maimunah aliita.

Mkato mmoja tu wa mshahara, na chumba cha Acan kingepona.

"Nipo!"

Likafuata jina langu. "Simiyu Khisa!" Nilisimama ukutani na bahasha ya mtu mwingine, nimefumba mdomo. Maimunah aliita mara tatu, sauti ikimtetemeka, kisha akaandika: ametoroka.

Jioni hiyohiyo mimi na Nabalayo tulivuka mpaka wa Busia bila hata sufuria. Wanatutafuta mpaka leo kwa deni langu.

Juzi jirani wa Acan alituletea habari. Mama huyo alijipa moyo, akaenda kituoni kuripoti kwamba mwanawe amepotea. Polisi walipiga simu maabara, wakaletewa kitabu cha mishahara.

"Mama, wacha mchezo," walimwambia. "Kijana yako iko kazi. Ona saini yake."