Shume wa Tanuu la Chokaa

Siku ya Jumatatu, tarehe tisa Februari mwaka 1959, saa moja kasorobo asubuhi, anga la Bofu lilikuwa jeupe lisilo na wingu, na kaskazi kavu ilikwisha anza kuvuma. Ndio upepo hasa aliokuwa akiungoja Mwinyihaji, mchoma chokaa, apate kuwasha tanuu lake.

Tanuu lilikuwa tayari uwanjani: magogo ya minazi yamepangwa duara, mawe ya matumbawe yamerundikwa juu. Kando yake palikuwa na paka wa kijivu, mgeni, amekonda, akilia kila mtu alipolikaribia.

Mwinyihaji alikuwa mtu wa haki. Kwake yeye, mnyama aliyepotea hafukuzwi wala hafanywi mali. Kwanza huulizwa mwenyewe ni nani. Basi alimfunika paka kwa tenga la kuku asije akaungua, akamwekea maji, kisha akaenda kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemtambua. Aliporudi alimwambia Tsofa, mwenzake wa kazi, kwamba huyo ni shume tu, dume la kuzurura, na shume hana anayemngoja nyumbani. Atafunguliwa moto ukishashika.

Tsofa akawasha makuti ya upande wa upepo.

Paka alilia kilio kilichomtoa Mwanamkasi, mke wa Mwinyihaji, jikoni, na vichwa vya samaki mkononi. Aliinua ukingo wa tenga, akachungulia, akabaki vivyo hivyo ameinama.

"Bwana," alisema, "tangu lini shume akanyonyesha?"

Mwinyihaji akatazama. Chuchu zilikuwa zimevimba, na manyoya kuzunguka kwake yamelowa. Papo hapo paka alichomoka, akapita baina ya miguu yake, akajitoma katika moshi, ndani kabisa ya magogo.

Moto ulikuwa ukipanda. Kisha paka akatoka, masharubu yameungua, mdomoni ana kitoto ambacho hakijafumbua macho. Akamwendea Mwinyihaji, yule yule aliyemfungia, akakilaza juu ya unyayo wake, akarudi motoni.

Mwinyihaji alikuwa akichoma chokaa tangu ujanani, na kila kiumbe alichopata kukiona kiliukimbia moto. Hakuthubutu kuusogeza mguu ule. Ulikuwa umepewa amana.

"Subhanallah," alisema polepole, kama mtu aliyeingia msikitini akakuta sala imesimama. Kisha akamwambia Tsofa, "Bomoa."

"Mzee, kazi yote hii? Mgongo wangu haujanyooka bado."

"Bomoa. Mgongo wako nitaulipa."

Wakamwaga maji, wakayang'oa magogo yakiwa bado yanafuka. Paka alitoka na kitoto kingine, na Mwanamkasi akawaweka wote ndani ya kanga yake. Mwinyihaji alisimama akiwatazama wakinyonya, hata chai ikampoa, wala hakuna aliyemwita.

Asubuhi iliyofuata Tsofa alimkuta akilipanga tanuu upya peke yake. Aliposhika gogo kumsaidia, Mwinyihaji aliuondoa mkono wake.

"Kaa. Kazi yako niliivunja mimi, nairudisha mimi."

Tsofa akakaa kivulini, akamtania kwamba duara lake limekwenda upande kama mlevi. Mwinyihaji alipanga hadi jiwe la mwisho, akanawa mikono, akamwambia kwamba sasa hawadaiani.