Jicho la Pili la Bi Mwanakhamis

Jicho la kulia la Bi Mwanakhamis lilifanyiwa upasuaji Unguja, la kushoto likaambiwa lisubiri miezi mitatu. Kusubiri hakukumtisha. Pesa za safari na za daktari alikuwa nazo benki, kiinua mgongo chake mwenyewe, alichokipata kwa kupikia wagonjwa wa hospitali mpaka moshi ukamchosha.

Kwa muda mrefu ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfanya asione hata herufi moja ya mashine ya pesa. Ndipo Mmanga, mume wa Khairiya, binti yake wa pekee, alipojitolea. Kila mwisho wa mwezi walitoka Gando pamoja wakaenda Wete mjini. Mmanga ndiye aliyeshika kadi, ndiye aliyebonyeza namba ya siri, tena namba aliyoichagua yeye. Akishahesabu noti humkabidhi mkwewe kwa mikono miwili, na risiti huikunja akaitupa.

"Ya nini hii, mama? Taka tu."

Bi Mwanakhamis angesema nini? Mkwe hafuatwi nyuma nyuma kama anayeshukiwa dukani. Alisimama pembeni kwa adabu zake, na kila mara akamwombea dua. Alimwombea riziki pana! Baadaye, kila akizikumbuka dua zile, alihisi kutaka kuzidai zirudi.

Siku hiyo walipofika mashineni alikuwa amevaa miwani nyeusi ya daktari. Mmanga hakuuliza hata siku moja jicho linaendeleaje, wala hakujua kwamba nyuma ya miwani ile mama mkwe wake alikuwa akiona mpaka kutu ya mlango wa benki.

"Nitolee laki moja, baba. Ya matumizi."

"Haya, mama."

Alimwona akibonyeza tatu. Kisha sifuri tano, moja baada ya nyengine: laki tatu, si moja. Kwanza alidhani jicho bado halijapoa. Mashine ikahesabu kwa muda mrefu, ikatema noti. Mmanga akampa bega, fungu nene likaingia mfuko wa shati, fungu jembamba akalilambia kidole na kulihesabu kwa sauti, taratibu, kama mtu mwaminifu. Kwenye kioo salio lilikuwa bado linawaka: elfu arobaini. Pesa za jicho la kushoto hazikuwapo tena.

Hasira ikampanda. Mama hampandishii sauti mkwewe mbele za watu. Yeye mwenyewe alimfunza hivyo Khairiya tangu mdogo. Akaipandisha.

"Mmanga! Toa hizo ulizotia mfukoni!"

"Zipi, mama?"

"Za mfuko wa shati. Mie naona sasa, Mmanga. Naona!"

Watu wa foleni wakageuka. Nyuma yao alikuwa Mzee Jecha, jirani yao wa Gando, naye akakohoa kikohozi cha kupatanisha.

"Bi Mwanakhamis, taratibu. Mambo ya mkwe yazungumzwa nyumbani."

Hapo ndipo alipopandwa kabisa. Aibiwe mchana kweupe, barabarani, halafu kulia aende kulilia chumbani! Na heshima hii inayolindwa kwa bidii hivi, ni ya nani? Mbona yake yeye haikumshughulisha mtu? Alinyoosha mkono akaichomoa kadi mashineni kabla Mmanga hajaigusa.

"Umenivunjia heshima mbele ya watu," Mmanga alisema, akaondoka. Mfuko wa shati ukaondoka naye.

Bi Mwanakhamis aliingia ndani ya benki na kadi yake mkononi. Binti wa dirishani alimweleza namna ya kubadilisha namba ya siri, na akamwambia aufiche mkono akibonyeza, asimruhusu mtu kumsogelea, hata awe nani. Hata awe nani! Kumbe neno hilo lilikuwapo siku zote, na hakuna aliyemwambia. Alirudi mashineni, akashusha mtandio ukafunika mkono na vitufe, kisha akageuka.

"Mzee Jecha, rudi nyuma."

"Na mie mwizi, bi?"

"Sijui. Rudi nyuma."

Mzee Jecha alirudi nyuma akinung'unika kwamba mtu kafanyiwa jicho moja tu na keshakuwa jeuri.

Siku ya pili yake, alasiri, Khairiya alikuja. Hakukaa vizuri kwenye mkeka, alikaa ukingoni kama mgeni.

"Mama, wazee wamekutana. Wanasema umtake radhi Mmanga. Umemwaibisha."

"Nitamtaka radhi," alisema Bi Mwanakhamis. "Pale pale mashineni, mbele ya watu wale wale. Aje na pesa za jicho langu mkononi."

"Hana, mama. Zimeshatumika." Khairiya aliangalia chini. "Akizileta nyumbani. Akinambia umempa kwa hiari yako."

"Na weye hukuja kuniuliza? Hata kunambia ahsante hukuja?"

Khairiya alianza kulia. Bi Mwanakhamis hakumbembeleza, ingawa mkono ulimwasha kufanya hivyo.

Alipoinuka kuondoka, Khairiya alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na ukiumwa, mama? Ikibidi mtu akutolee pesa? Nambie mie basi hiyo namba mpya. Mie mwanao."

Bi Mwanakhamis alimtazama. Alimwona vizuri kuliko miaka yote ile: mikunjo miwili mipya ya paji la uso, mvi moja juu ya sikio, na macho ambayo hayakutulia. Mtoto aliyemzaa, wa pekee, hakuwa na mwengine.

"La, mwanangu," alisema. "Hata weye."