Maneno ya Pembeni

Mtu mzima ovyo! Hivyo ndivyo Gundi alivyojiita siku ile, na wa kumpinga hakuwepo.

Gundi lilikuwa jina la kazini. Miaka thelathini na mbili alijalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, akishona karatasi na kubandika majalada. Marehemu mkewe alikuwa hapo hapo, akisoma prufu, yaani akiwinda makosa kabla kitabu hakijachapwa. Mume zamu ya mchana, mke zamu ya usiku; mmoja akiingia, mwingine anatoka. Wangezungumza saa ngapi? Basi wakazungumza vitabuni. Kitabu kilikaa mezani, wote wawili wakikisoma, na mke kwa penseli yake ya kazini akawa anaandika pembeni mwa kurasa. Anamsimanga mumewe, anambembeleza, anamcheka shujaa wa hadithi, anaagiza vitu vya jikoni. Ndoa nzima ilikuwa humo, kabati mbili tele.

Mke alipofariki, Gundi akawa anamsoma kila asubuhi. Kisha macho yakamtupa mkono. Kwanza miwani, halafu lenzi ya mkononi, halafu hata lenzi ikashindwa. Mwandiko wa penseli ndio uliotangulia kupotea. Mwaka mzima hakusoma neno la mkewe, na uchungu huo hakumwambia mtu.

Ndipo binti yake wa pekee, muuguzi, akaja na kishikwambi. Jumamosi nzima alikuwa akipiga picha majalada kwa simu, kitabu kimoja kimoja, apate kujua vya kutafuta mtandaoni.

"Baba, unahamia kwangu, na kwangu ni vyumba viwili. Chagua: kabati au hiki. Vitabu vyako vyote vimo humu, na herufi unazikuza utakavyo."

"Kila neno limo?"

"Kila neno, baba. Hakuna lililoachwa."

Moyo ukamruka kama wa kijana. Alidhani ile picha moja ya simu imekimeza kitabu kizima, na madoa yake ya chai. Msimcheke. Mtu aliyezoea mashine inayochapa kurasa elfu kwa pumzi moja, angeona ajabu gani hapo? Alijiona anamsoma mkewe kwa herufi kubwa kama ngumi.

"Nipe hicho," akasema. "Kabati peleka."

Jumatatu mnunuzi wa karatasi chakavu akaja na mkokoteni. Gundi hata hakutoka kuviaga vitabu.

Jumatano binti akamfungulia kitabu cha kwanza. Herufi zikaja, nyeusi tii, na mzee akasoma mstari mzima bila lenzi, machozi yakimlengalenga. Kisha akasogeza kidole pembeni. Akakuza. Akakuza tena, mpaka weupe ukajaa kioo chote.

"Unatafuta nini, baba?"

"Ya mama yako yapo wapi?"

"Ya mama yapi?"

Akamweleza. Binti akakaa sakafuni, pu! Amekulia nyumba hiyo hiyo, lakini hakuwa mpenzi wa hadithi. Mwandiko ule alidhani ni masahihisho ya kazini. Akampigia simu mnunuzi.

"Karatasi za Jumatatu?" yule mtu akajibu. "Dada, zile zililowekwa jana. Saa hizi ni trei za mayai."

Wanasema majuto ni mjukuu. Gundi mjukuu wa kweli hakuwa naye. Huyo ndiye aliyempata.

"Basi, baba, basi," binti akasema, naye analia. "Humu kuna mahali pa kuandika pembeni. Niambie mama aliandika nini, nitayarudisha yote, moja baada ya jingine."

Gundi akafumba macho, akamtafuta mkewe kichwani. Mwandiko aliuona, hata ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Maneno ndiyo yaliyokataa kuja. Miaka yote hakujisumbua kuyaweka moyoni. Ya nini, na yako kabatini? Binti alingoja, kidole juu ya kioo.

"Chumvi imekwisha," mzee akasema.

Binti akaandika. "Na jingine?"

"Ndilo hilo tu, mwanangu."