Mshono wa Juu

Kifaa kilipolia juu ya mshono wa chuma aliouchomelea Mjomba, fundi mpaka rangi aliacha brashi yake ikidondosha matone sakafuni, na karakana nzima ikawa masikio.

Aliyekishika kifaa alikuwa mpwa wake. Kazini walimwita Pua, maana kazi yake ilikuwa kunusa. Matangi ya mitambo ya baridi yalijazwa heliamu, gesi ileile inayoinua maputo ya sherehe, isiyo na rangi, wala harufu, wala ugomvi na mtu. Kisha yeye alipitisha ncha ya kifaa kwenye kila mshono na kila kiungo. Palipovuja, hata kwa tundu ambalo povu la sabuni lisingelifichua, kifaa kililia. Hakikujua kupendelea. Hilo ndilo alilolipenda tangu chuoni: dunia imejaa nasikia na labda, lakini hiki kilisema ndiyo au hapana.

Leo alitamani kingekuwa na haya kidogo.

Mwaka huu matangi mawili ya Mjomba yalikuwa yamerudishwa. Msimamizi alikwisha kusema bila kumung'unya maneno: likivuja la tatu, mzee ataweka chini mashine ya kuchomelea, akakae stoo kugawa glavu. Na mzee huyo ndiye aliyemlea Pua tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kwenye lango hili.

"Ni hapo?" msimamizi aliuliza kutoka chini ya ngazi.

"Hapo." Neno lilimtoka kabla hajaliwahi.

Mjomba alivua glavu. "Basi. Jicho nalo huzeeka."

"Nilikwambia ununue miwani, Mjomba," mpaka rangi alidakia, "ukasema miwani ni ya wasoma magazeti!"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Pua alirudisha ncha kwenye mshono ili athibitishe kipimo. Kifaa kililia. Akaisogeza pembeni upana wa kiganja, kikalia vilevile. Akaivuta hadi mwisho wa mkono wake. Sauti haikupungua hata chembe. Uvujaji wa kweli una makao: ukiukaribia unapiga kelele, ukijitenga nao unanong'ona. Huu ulikuwa umetanda hewani kama moshi wa jikoni, usijue umeungua wali wa nani.

Heliamu ni nyepesi, hupanda. Ndiyo maana mwenye kunusa huanza chini kabisa ya tangi, akapanda nayo taratibu; aanzaye juu hukutana na gesi iliyotoka kwingine, akamsingizia asiye na hatia. Kanuni hiyo aliibandika ukutani yeye mwenyewe. Lakini leo alipanda ngazi moja kwa moja hadi mshono wa juu, mshono wa Mjomba. Alitaka autoe moyoni kwanza, apumue.

Angeweza kusema kifaa kimechafuka. Mashine haina wakili.

"Nimekosea," alisema. "Nilianzia juu."

Msimamizi alimkodolea macho. "Wewe?"

"Mimi. Fungueni milango, hewa ipite. Narudia."

Walifungua. Feni kubwa ilisukuma hewa hadi kifaa kikatulia. Pua alipiga goti sakafuni, akaanzia kwenye kiungo cha bomba la kutolea mabaki, chini kabisa. Kifaa kikapiga ukelele. Akaivuta ncha kando, kikanyamaza. Akairudisha, kikapiga tena. Waliitoa gesi, wakafungua kiungo, wakakuta raba ya kuzibia imekaa upande, imebanwa kama kidole mlangoni. Wakaweka mpya, wakajaza tangi upya.

Safari hii alipanda kidogo kidogo. Alipofika kwenye mshono wa Mjomba, alikaa hapo kuliko ilivyohitajika. Kifaa hakikulia. Mshono ulipangika kama magamba ya samaki, kila gamba likimlalia mwenziwe.

"Mzee, rudi kazini," msimamizi alisema. "Pua, kesho uje ofisini kwangu."

"Mjomba, stoo imekukataa!" mpaka rangi alipaza sauti, na safari hii watu wakacheka.

Pua alimfuata mjomba wake kwenye kona yake ya kuchomelea. "Nisamehe, Mjomba."

"Anayefanya kazi ndiye anayekosea. Asiyefanya atakosea wapi?" Alifuta kioo cha kinyago chake kwa ncha ya shati, polepole, kama mtu anayepanga maneno. "Ila nikuulize, mwanangu. Nakutazamaga. Siku zote unaanza chini, hata ukiwa na haraka, hata ukiwa na homa. Leo ulianza kwangu. Kwa nini?"

Pua alikuwa na jibu: nilikuogopea, kwa sababu nakupenda. Lilikuwa kweli tupu. Lakini kabla halijafika kwenye ulimi alilitazama vizuri, akaona linapovuja: aliyeuamini mshono asingeuanzia.

Mjomba hakulidai. Alivaa kinyago, akakishika kabla ya kukishusha.

"Geuza uso," alimwambia. "Usije ukaumia macho."

Cheche zikaanza kuruka.