Chuma Kando ya Dira

Asiyesikia la mkuu hupata chemchemi. Mimi sikusikia, na maji yake nimeyanywa miaka ishirini na miwili.

Jirani yangu Enoch Bascom alitaka kuninyang'anya. Alimleta mpima ardhi kutoka Lexington, akaifuata karatasi ya marehemu mume wangu: kutoka jiwe la mtoni, nyuzi arobaini za dira, mashariki ya kaskazini. Mstari wake ukakata nyuma ya banda langu la maziwa, chemchemi ikaangukia kwa Bascom. Shamba langu bila chemchemi ile ni mawe tu. Ningefunga virago nikawe mgeni kwa wakwe zangu.

Lakini kwetu Kentucky, karatasi ikigombana na mti uliotiwa alama, mti ndio unaoaminiwa. Kwa hiyo mahakama ilituma wajumbe watatu. Mkubwa wao, Mzee Pyle, akaniuliza mti wenyewe uko wapi. Nikawapeleka kwenye mwaloni ulio juu ya chemchemi. Gome lake lilikuwa zima kuanzia mizizi hadi matawini.

"Mama Stroud," Bascom akasema, "huu mti hata kigogota hajaudonoa."

"Ngoja," nikamwambia.

Nilikuwa namkumbuka mume wangu Lemuel akiwa amesimama papo hapo. Alikuwa amerudi kutoka vita vya kumfukuza Mfalme wa Uingereza, na risasi moja ilikuwa imebaki pajani mwake. Bado alikuwa kapteni wa wanamgambo, lakini msituni hakutembea kama askari. Alitembea kama mtu aliyeingia kanisani kachelewa. Miti ile watu wanne hawakuweza kuikumbatia, na chini yake adhuhuri ilikuwa na mwanga wa alfajiri. Lemuel alikuwa akiweka dira juu ya gongo alilolichomeka ardhini, anachungulia, halafu mahali ambapo tangu kuumbwa dunia hapakuwa na pembe, panakuwa na pembe ya shamba. Nilikuwa naogopa kuliangalia jambo hilo. Washawnee, wenye msitu kabla yetu, walikiita chombo kile mwizi wa ardhi, na sijapata neno la kuwabishia.

Mnyororo wa kupimia niliuburuta mimi, maana wanaume wengine walikuwa ngomeni.

"Lete shoka," Mzee Pyle akasema.

Bascom akacheka. "Mwanamke na shoka, Mungu atulinde."

"Shoka hili ndilo lililokupasulia kuni ulipoteguka mgongo, jirani. Siku ile hukumwita Mungu."

Nilipiga kwenye usawa wa kifua, juu na chini, nikachimba kwa ubavu, hadi pande la ukubwa wa mkate likaachia. Likatoka zima.

Ndani ya mti kulikuwa na mikato mitatu, imelala sambamba, myeupe kama mfupa. Alama za makali ya shoka zilionekana, hata pengo dogo ambalo shoka la Lemuel lilikuwa nalo mwaka ule. Mume wangu ana miaka miwili kaburini, na kazi ya mkono wake ilikuwa mbichi kana kwamba ameondoka kwenda kunywa maji. Na kwenye lile pande nililoshika, mti ulikuwa umeota juu ya jeraha na kujaza kila mkato, ukatengeneza matuta matatu yanayoingia humo kama kidole kwenye pete.

Mzee Pyle alivua kofia. Kisha akapiga goti, akahesabu miviringo ya mti kwa ncha ya kisu, kutoka gome hadi kwenye kovu. Midomo ya Bascom nayo ilikuwa inahesabu.

"Ishirini na miwili," Mzee Pyle akasema. "Mwaka ule ule wa karatasi. Chemchemi ni ya mama huyu."

Bascom aligusa mikato ile kwa kidole kimoja, taratibu. Nilimheshimu kwa hilo. Halafu akageuka.

"Sawa, mti ni mti. Ila karatasi inasema arobaini, na hapa si arobaini. Kapteni Stroud hakuwa mtu wa kukosea. Ilikuwaje?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini sikutaka kosa langu lizikwe kwenye jina la Lemuel.

"Ni bunduki," nikasema. "Asubuhi ile kule mtoni tuliona nyayo mbichi za watu wasio wetu kwenye tope. Akainamia dira, nami nikasimama begani kwake na bunduki. Akaniambia, 'Ketura, peleka hicho chuma hatua kumi, kinavuta sindano.' Nikamwambia, 'Wewe pima nchi, mimi napima vichaka.' Akacheka, akaandika alichosomewa na dira, tukatembea tulikoelekezwa."

"Kwa hiyo umekiri," Bascom akasema. "Ulimpotosha mumeo, mpima ardhi mzima, na mimi nikakosa maji miaka yote hii. Angalau uniombe radhi mbele ya wazee."

Mzee Pyle akanitazama. "Neno moja tu, mama. Mtaishi jirani."

Nililiweka lile pande la mwaloni kwenye aproni yangu.

"Maji njoo uchote siku yoyote, Enoch, ndoo utaikuta bandani. Lakini nilisimama pale ili mume wangu arudi nyumbani hai, na alirudi. Radhi siombi."